Neno Nililomwambia Pendo

Kihonda,
Morogoro.
Jumapili, 10 Agosti 2025.

Mpendwa Mjomba Pazi,

Shikamoo. Leo nimejiapiza kukueleza yote, hata lile linaloniaibisha. Lakini kwanza, mgongo unaendeleaje? Na baridi ya Mbeya imepungua? Huku hatujambo. Mama amepona malaria, na Bibi ameshuka kutoka Mgeta na kapu la njegere.

Mjomba, ule mchezo wa karata wa briji ulionifundisha likizo sasa una klabu shuleni kwetu, na mwisho wa mwezi huu klabu itapeleka timu mashindanoni Dodoma. Mimi nacheza upande mmoja na rafiki yangu Pendo. Ulinionya kwamba mezani karata ndiyo iseme, si mdomo: ukimtupia mwenzako kubwa, unamwambia aendelee, ukimtupia ndogo, aache. Pendo nilimfundisha hivyohivyo.

Alhamisi tulicheza dhidi ya Devotha na Jastin. Pendo alianza na kopa kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa na kopa mbili tu, ya saba na ya mbili. Nilitaka aendelee, ili zangu ziishe nipate kukata kwa turufu. Ilinipasa kutupa saba. Nilichomoa kwa pupa, nikatupa mbili.

Pendo ana mafua tangu upepo wa mlimani uanze. Akakohoa, akaziba mdomo kwa aibu. Nikamwambia, "Pole. Endelea tu."

Wote walidhani namruhusu akohoe, kumbe nilimaanisha kopa. Pendo aliniangalia kidogo, akatupa kopa tena, na tena. Nikakata. Tukashinda.

Jastin akacheka. "Kikohozi chako dawa, wewe."

Mwalimu Anastasia, anayesimamia klabu na aliyekuwa akitutazama, hakucheka. "Pendo, mwenzako kakutupia mbili. Mbona umeendelea?"

Pendo akatazama meza. "Nilisahau, Mwalimu."

"Dodoma siwezi kwenda na msahaulifu," Mwalimu akasema, akalikata jina la Pendo kwenye orodha, akaandika la Devotha.

Mimi nilikuwa palepale. Nikawa napanga, Mjomba, karata ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jina langu bado limo. Pendo hajanilaumu hata kwa jicho. Jana asubuhi aliona nasikia baridi, akaniazima sweta lake. Nimelikunja, sijaweza kulivaa.

Safari ni tarehe thelathini. Nataka kwenda kwa Mwalimu nikaseme, na nina tumaini kwamba atamrudisha Pendo hata kama mimi nitaachwa. Kinachonizuia ni kimoja: nikisema ukweli, Pendo ataonekana amemdanganya Mwalimu, naye alidanganya kwa ajili yangu.

Nisalimie Shangazi Mwanahawa na Luqmani mdogo. Mwambie penseli zake za rangi nimeziweka. Mungu akupe nguvu ya mgongo na usingizi mzuri.

Nijibu mara upatapo barua hii, Mjomba: niende kwa Mwalimu peke yangu, au nianze kwa kumwomba Pendo ruhusa, ingawa najua atanikataza?

Mpwa wako akupendaye, na anayeona haya,
Mwaisha