Kamba ya Jeep ya Bahati

Mpofi, siku ya soko

Mama Bahati, bibi yangu,

Pokea salamu yenye nguvu, juu mwenye kuituma angali na nguvu. Uko namna gani? Mugongo wako unavumilia baridi ya Ngungu? Na ile paa upande wa jikoni, ingali inavuja? Usipande wewe, ngojea muntu akusaidie. Mimi niko muzuri. Meno iko yote isipokuwa ile unayojua. Hapa bananiita Muzee Shofere, na hakuna mwingine mwenye jina hiyo.

Niko naandika na mukono yangu mwenyewe. Mucuruzi wa Butembo, ule alinipa chumba nyuma ya duka yake tangu nilileta maharagi huku na vita ikafunga njia nyuma yangu, alisema: "Papa, leta nikuandikie." Nikakatala. Maneno ya leo haifai kupita mu mukono ya muntu mwingine.

Sasa ukae chini. Jeep yetu haiko tena na mimi. Hawakuiiba. Nimeitoa zawadi, mimi mwenyewe, kwa bamama ba parokia, bale ba chama ya kubeba bagonjwa.

Najua ulichosema. Siku tulirudi kutoka kumuzika Bahati, na jeep njo ilikuwa imemubeba, ulishika mulango yake ukasema: "Hii usimupe muntu. Mutoto wetu aliinunua na biashara yake, ili tusitembee tena na miguu." Sijasahau. Uliza bote hapa! Bacuruzi balikuya kuitaka, nikabafukuza. Bantu ba bunduki balipita kutafuta batiri. Batiri ilikuwa chini ya kitanda, na mimi juu ya kitanda nakoroma kama nguruwe. Balitoka mikono mitupu. Nani mwingine mu Walikale nzima angeweza vile?

Mama Sikujua, mukubwa wa ile chama, hakuchoka kuniuliza. "Papa, tunabeba bagonjwa na kipoyi ya miti, mabega yetu imeisha. Na jeep yako inalalia mayai." Kweli, kuku ya mucuruzi ilikuwa inataga chini ya kiti. Nikamujibu: "Hii inangoja njia ifunguke inirudishe kwa bibi yangu. Mabega yako ni mambo yako." Akasema: "Papa, uko na kichwa kama jiwe ya kusagia." Nikamuambia aksanti.

Kisha bibi ya jirani, mukimbizi wa Buleusa, ule alikuwa ananiletea majani ya sombe nikule, akashikwa na uchungu. Mutoto alikuwa amelala vibaya mu tumbo. Mvua ilinyesha muchana wote, na ba kipoyi balikuwa banateleza na kuanguka mbele ya kufika hata kwa muto. Nilirudisha batiri, nikafukuza kuku, tukaenda. Mama Bahati, mu matope ile hakuna shofere angefikisha gari ku hopitali isipokuwa mimi. Lakini kioo ya mbele imezeeka sana, inaonyesha njia kama moshi. Mama Sikujua alikaa pembeni yangu akiniambia: "Kushoto, Papa. Shimo. Kulia. Polepole." Tulipofika alishuka, akapangusa kioo na kitenge yake. Akaangalia kioo. Akaniangalia macho.

Mama alipona. Mutoto, hapana. Alikuwa mwanaume.

Wakati wa kurudi Mama Sikujua alikuwa amebeba ule mutoto juu ya magoti, amemufunga mu ile kitenge. Akaniuliza polepole: "Papa, hizi siku zote, hii gari ilikuwa inaenda wapi?"

"Ngungu."

"Ilifika?"

Nilishika usukani na mikono mbili, tukaendelea.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nikaitoa. Nilifanya kama baba yangu alifanyaka na ngombe: mwenye kutoa ngombe anabakia na kamba, ili ingine ijue njia ya kuingia mu zizi yake. Niliweka mukono juu ya jeep, nikataja jina ya Bahati, nikasema maneno muzuri sana, bantu balilia. Halafu nikatia ufunguo mu mufuko, nikajiendea. Shofere wao, Faustin, akanifuata mbio.

"Papa, ufunguo!"

"Hiyo njo kamba yangu."

"Sasa mimi nitaichunga na fimbo?"

Parokia nzima ikacheka. Mama Sikujua hakucheka. Alipanda nyuma ya jeep, akatoa ile kamba ya juu, kamba Bahati alifungiaka mifuko ya maharagi. Akanitilia mu mikono. "Kamba si hii, Papa?"

Njo nikatoa ufunguo.

Hiyo kamba iko mu kifurushi hii, mama mumoja wa kwetu, mwenye kupita na miguu mu pori, anakuletea. Iko na fundo ya Bahati, ile ya kuzungusha na kuvuta na meno, unaijua. Nilijaribu kuifungua, ikanishinda, nikafurahi. Muntu asiifungue. Kama utakasirika, kasirika, halafu uitundike pale tulitundikaka koti yake.

Nisalimie mukwe wetu, bibi ya marehemu. Umuambie nilitaja jina ya bwana yake kwa sauti, mbele ya bantu. Nisalimie mujukuu, asome, asiandike vibaya kama babu. Nisalimie mudogo wangu mwenye kulima viazi yetu, na umuambie asisogeze mupaka ya shamba, mimi naiona kutoka hapa. Nisalimie na dada yako, hata kama hanipendi.

Siku njia itafunguka nitakuya na miguu. Miguu yangu inapita ya vijana. Ukisikia muntu anakohoa ku mulango, usiulize gari iko wapi. Uliza kama amekula.

Ni mimi bwana yako,
Papa Bahati