Sahani ya Mama Neema

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Jumapili, 2013

Afadhali ningebaki nyumbani.

Tangu madaktari wanikate nusu ya tumbo kule Mbarara, chakula changu ni kile kinachojaa kifuniko cha termosi, basi. Nikizidisha, kinarudi. Watoto wangu wamezoea. Lakini leo baada ya ibada jirani yangu Mama Neema alinikaribisha kwake, akanipakulia bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, sahani ikajaa. Nikatoa kifuniko changu, nikapima kidogo, nikasukuma sahani pembeni.

Akanitazama sana. Kisha akamega bugali kwenye sahani ileile, akachovya sombe, akala mbele yangu.

“Umeona, Mama Samweli? Hamuna sumu. Miye siko mulozi.”

Nikamweleza tena habari ya operesheni. Machozi yalikuwa yanamlengalenga tu. Huyu ndiye aliyenilelea watoto nilipolazwa. Ningefanya nini? Nikaivuta sahani, nikala yote.

Sikufika mbali. Nilitapika palepale mlangoni kwake, watu wengi wakipita kutoka kanisani. Nikajaribu kusema ni tumbo langu, nikatapika tena.

Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na sahani tupu mkononi mwake.