Majani Yalipogeuka Manjano

Shangazi,

Nakuandikia kutoka masjala, saa ya chakula, mlango nimeufunga. Mimi bado ni karani yuleyule anayesoma barua mara nne kabla ya kuipiga muhuri.

Kwanza nikiri kosa. Wiki ya tatu baada ya kukuzika, majani ya maua yako ya frizia pale Kiminini yalianza kugeuka manjano. Niliogopa. Nilidhani yanakufuata. Kila Jumamosi nilitoka Bungoma kuja kuyamwagilia, ndoo baada ya ndoo, na kadiri nilivyomwagilia ndivyo yalivyozidi kulala. Uliniambia mara nyingi: majani yakigeuka manjano, maji yakome, vitunguu vyake vya chini ya udongo vinataka kulala pakavu. Nilisahau. Au sikusahau. Sikuweza tu kukaa nikitazama kitu chako kikikauka.

Nilipochimba, vingi vilikuwa vimeoza. Vilipona kumi na kimoja. Nilivikausha juu ya gunia, nikavitia kwenye soksi yako ya sufu na kuitundika karibu na jiko, kama ulivyozoea.

Mbegu zako za frizia zilizokuwa kwenye bahasha ya kaki nilikuja nazo huku. Nusu yake niliziloweka siku nzima, nikazipanda kwenye kopo la mtindi dirishani mwa masjala. Mwezi ukapita, kimya. Mkubwa wangu akauliza, "Nekesa, hii ni ofisi ama shamba?" Nikaomba radhi kama niliyeiba faili. Mbegu hazikuota kwa kuwa bati la hapa linachemka mchana, na frizia haitaki joto wakati wa kuota. Nusu iliyobaki ilihitaji kivuli cha nyumba yako.

Shida ni kwamba mwanao Wafula alikuwa ameshatangaza kwamba mvua ikianza atalima mpaka ukutani mwa nyumba yako, apande mahindi. Alisema hivyo mbele ya jamaa wote, nami nikatazama viatu vyangu. Baadaye nilimwandikia barua mbili za maombi, kwa lugha ya ofisi, nikazichana zote. Ungecheka, useme: "Wewe Nekesa unaogopa hata kivuli cha kalamu yako."

Jumamosi iliyopita nilikuta trekta limeshafika hapo kwako, Wafula akiliendesha. Nilikwenda nikasimama juu ya tuta la frizia zako, soksi mkononi. Maneno yote niliyoyapanga yalinipotea. Nikasema tu, "Hapa ni kwa mama yako."

Wafula akazima injini. Aliitazama ile soksi kwa muda.

"Si ungesema tu, bana? Ati mtu anangoja mpaka trekta ifike?"

Akashuka. Tulipanda pamoja, ncha ikitazama juu, urefu wa kidole kati ya kitunguu na kitunguu. Nilipokosea nafasi alinirekebisha kabla sijaona. Kumbe naye ulimfundisha. Sikuwahi kujua.

Mbegu zilizobaki ziko kwenye trei upande wa nyuma wa nyumba, chini ya gunia lenye unyevu. Zitachukua mwezi, labda zaidi. Sitazifukua kuangalia. Wafula ameahidi kunipigia simu zikichomoza, na ameonya nisimpigie mimi kila siku.

Tukijaliwa, maua ya kwanza nitakuletea siku ya kuweka msalaba kaburini kwako. Na majani yakigeuka manjano tena, Shangazi, nitaiweka ndoo chini, niketi kando yake, nitazame.

Lala pakavu.

Nekesa wako