Picha ya Wakati wa Chai

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Nina jambo ambalo siwezi kumweleza mtu wa nyumbani, kwa hiyo nalileta kwako nikiamini utanisaidia kabla likizo hii ya Juni haijaisha.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwetu ni Makambako, na kila likizo ya Juni naenda Njombe kumsaidia Shangazi Dorosela, dada yake baba, ambaye ni mpiga picha. Tunaamka mapema, tunachemsha viazi, tunajaza chupa ya chai na kwenda mashamba ya chai wakati nyasi bado nyeupe kwa baridi, kwa sababu Shangazi anasema mwanga wa asubuhi ndio unaopendeza usoni, halafu mimi nashika lile duara jeupe la kurudishia mwanga na wanamitindo wanavua makoti wanabaki na magauni mepesi, wanatetemeka mpaka nawaonea huruma, ingawa kucheka nacheka pia.

"Dada Dorosela, umetuleta kutupiga picha au kutugandisha?" Oliva, mmoja wa wanamitindo, alilalamika wiki iliyopita.

"Tabasamu kwanza, utaganda baadaye," Shangazi akamjibu. "Mwaka mzima mnalala na mablanketi mawili mawili, leo mnajifanya wageni kutoka Tanga?"

Magauni ya siku hiyo yalikuwa ya Jenifa, fundi cherehani wa Njombe, aliyetaka picha za kuwaonyesha wateja wake. Tulipopumzika kunywa chai Shangazi alinipa kamera nijizoeze, kama kawaida yake, nami nikampiga picha Oliva akiwa amejifunika blanketi juu ya gauni, kiazi mkononi, na mwenzake Fidelia anajaribu kumnyang'anya, wote wanacheka hasa, wala hawakujua kama nawapiga. Jenifa alipoziona picha zote akasema, "Hii hapa! Hizo nyingine wamekaa kama wanapiga za kitambulisho." Mshauri, Shangazi alifunga begi lake, na tangu siku hiyo kamera sipewi tena, nashika duara tu.

Juzi Jenifa akanivuta kando. "Jumamosi ya mwisho wa likizo tunakwenda Uwemba na magauni mapya. Kamera nitaazima, mpiga picha ni wewe. Shangazi yako usimwambie, ana wivu yule. Sema unakwenda kanisani. Si Uwemba kuna kanisa? Hutakuwa umedanganya."

Nampenda Shangazi, yeye ndiye aliyenifundisha, lakini pia natamani siku moja niwe na studio yangu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia "mpiga picha ni wewe". Nikikataa, nafasi hii itarudi? Nikienda, Shangazi atanipokea tena?

Binti Mwenye Kutumaini, Makambako

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera, una jicho. Hilo limalizike hapa, maana sitalirudia.

Sasa nisikilize. Hao wasichana walicheka kwa sababu kuna mtu aliwaambia wapumzike, akawamiminia chai na kuwapa mablanketi. Mtu huyo ni shangazi yako. Kamera ni yake, na aliyekupa ujizoeze ni yeye. Wewe ulibonyeza kwa wakati mzuri, na si jambo dogo, lakini usijione umeshamaliza shule.

Kuhusu wivu, nani kakwambia? Jenifa. Shangazi umemuuliza? Hujamuuliza. Huenda kimemuuma kile kilichosemwa juu ya kazi yake mbele yako na mbele ya wasichana. Wewe ungeambiwa umepiga za kitambulisho, ungeimba?

Tena mtu mzima anayemfundisha mtoto wa watu uongo wa kuwaambia wakubwa wake, akiusafisha kwa jina la kanisa, huyo usimfuate hata hatua moja. Ukipata shida huko, nani atajua ulipo? Hapo sicheki kabisa.

Fanya hivi. Leo, mkimaliza kazi, mwambie Shangazi yote, na la Uwemba pia. Usilie wala usiombe radhi kwa picha nzuri. Mwambie, "Shangazi, natamani kazi hii. Nirudishie kamera nijifunze." Kisha Jenifa apewe jibu na Shangazi mwenyewe: Jenifa akiwataka, mtakwenda nyote wawili, na baba na mama wakijua. Akikataa, aende zake. Jumamosi ikipita, Uwemba haitahama.

Na wewe Dada Dorosela, majina nimeyabadilisha lakini ukisoma utajijua. Umefundisha vizuri mpaka imeonekana, halafu unanuna? Mpe mtoto kamera. Duara shika wewe kidogo.