Tumekatwa Hadi Huruma

Jumapili. Mawingu tangu alfajiri.

Mvua imetishia kutwa nzima na haikunyesha. Karafuu tumezianika, tumezianua, tumezianika tena, mpaka mke wangu, Bi Saada, akachoka, akasema ziachwe zilowe kama ndivyo zilivyoandikiwa. Sikumjibu. Leo sijamjibu mtu vizuri.

Na leo ilikuwa siku ya furaha. Tumemfanyia akika mjukuu wangu wa kwanza, mtoto wa binti yangu Rukia. Jina lake Nasra. Ananyonya vizuri na ana sauti ya kuamsha mtaa. Nimegawa nyama nyumba kwa nyumba huku nikitabasamu, na kila mlango niliobisha nilikuwa namchukia kidogo aliyeufungua.

Hayo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu sina pengine pa kuyasema.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi nina duka la vifaa vya ujenzi Mtambile. Nauza misumari, rangi, bawaba, mabati yakipatikana. Nyumbani ni kijijini, upande wa Kengeja, ambako marehemu baba aliniachia mikarafuu. Watoto wangu wananiita mtu wa zamani. Wananiita hivyo kwa sababu naamini serikali ikiwa ndogo watu wanakuwa wakubwa, na kwamba kodi iwe ndogo, ijulikane, na mtu aachiwe kitu mkononi cha kumpa jirani yake. Rukia husema mawazo hayo ni ya mwenye duka. Labda. Lakini sikuyapata dukani. Niliyapata kwenye keri.

Kijijini kwetu tulikuwa na gari. Keri kuukuu, vile vigari vidogo vyenye mlango wa kusukuma pembeni, tuliyoinunua wenyewe na kuing'oa viti vya nyuma ili godoro lienee. Kila msimu wa karafuu kila nyumba ilitoa pishi moja ya karafuu kavu. Mwenye shamba kubwa alitoa zaidi bila kuambiwa. Asiye na mkarafuu alichuma kwa mwenzake, akatoa katika alichochuma. Mjane asiye na kitu hakuulizwa, na siku alipougua alibebwa vilevile. Karafuu zikiuzwa, pesa zinakwenda kwenye mafuta na matairi. Hatukuwa na mwenyekiti wala mhuri.

Dereva alikuwa Mzee Hamad. Ujanani aliendesha malori, akarudi kijijini kulima muhogo, na ile keri akaichukua kama mtu aliyepewa amana. Hakutaka ujira. Amebeba wazazi wenye uchungu, amebeba walioanguka mikarafuuni, amebeba watoto wa degedege huku mama zao wakimpigia kelele akimbie. Alimbeba baba yangu kwenda hospitali, na alimbeba kurudi, na kurudi baba alikuwa maiti. Mzee Hamad aliendesha taratibu njia nzima, akikwepa kila shimo, kana kwamba baba bado anaumwa.

Kisha ukaja mpango mpya wa afya.

Tuliitwa mkutanoni skuli. Mfanyakazi atakatwa kwenye mshahara, mfanyabiashara atachangia kwenye biashara yake, na kila mtu atatibiwa. Kutakuwa na namba ya kupiga, na gari la wagonjwa lenye kitanda na mtungi wa hewa. Sikupinga watu kutibiwa. Anayepinga mgonjwa atibiwe ana maradhi yake mwenyewe. Nilinyoosha mkono nikauliza jambo moja tu: na keri yetu?

Ofisa aliyetumwa kutueleza, kijana mwenye adabu, akanijibu, "Mzee wangu, gari lile halina viwango vya kubeba wagonjwa. Na kama linabeba abiria, linahitaji leseni na kodi yake."

"Halibebi abiria," nikamwambia. "Linabeba majirani."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema alichotumwa kusema, na ndani ya alichotumwa hapakuwa na neno jirani.

Keri ikaingizwa bandani. Msimu uliofuata watu hawakuleta pishi. Hakuna aliyetangaza kuwa tumeacha. Hazikuja tu.

Jumatatu iliyopita Rukia alishikwa na uchungu. Mumewe yuko Unguja kikazi, ndiyo maana alikuja kujifungulia kwetu. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Mkunga wa kijiji alimpapasa tumbo, uso wake ukabadilika, akasema mtoto amekaa vibaya na hapa hapazaliki. Nikapiga ile namba. Ilipokewa, tena kwa heshima. Dada wa upande wa pili akaniambia gari limetoka na mgonjwa mwingine, tusubiri, likirudi litakuja kwetu.

Tukasubiri. Rukia alikuwa ameshika nguzo ya kitanda, anasoma dua, halafu akaacha kusoma na kubaki analia tu. Nikapiga tena. Dada akaniambia gari halijarudi. Nilisikia katika sauti yake kwamba na yeye anaumia, na hilo halikunisaidia kitu.

Bi Saada ndiye aliyetoka mbio kwenda kwa Mzee Hamad. Sikumtuma. Baada ya kitambo nikasikia injini inakohoa nyuma ya nyumba, inazimika, inakohoa tena.

Mzee Hamad hakushuka. Alisukuma tu mlango wa pembeni kwa ndani, akasema, "Mleteni."

Kwenye kizuizi tulisimamishwa. Askari wa barabarani aliitambua keri, kila mtu anaitambua. Aliinama dirishani, akamwona Rukia juu ya godoro, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Akanyoosha mkono tupite. Nilimwombea dua pale pale, kwa sauti.

Hospitali walimpokea vizuri. Hili nataka liandikwe na liwe wazi. Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko Rukia, hakupoteza hata dakika. Walimpasua. Nilipoitwa kumwona Nasra, nilikuwa nimekaa nje na kandambili moja mguuni, nyingine nimeiacha sijui wapi. Hatukudaiwa chochote.

Mzee Hamad alirudi peke yake kuwapa habari watu wa nyumbani. Kizuizini yule askari alikuwa bado yupo. Safari hii hakunyoosha mkono. Gari limekatazwa, dereva hana leseni ya kubeba abiria, keri ikapelekwa yadi na Mzee Hamad akaandikiwa faini. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mtu wa umri ule, akapita kwangu kwanza kuwaambia waliobaki kuwa mtoto ni wa kike na mama yake mzima.

Hakusema lolote kuhusu gari. Nimekuja kulisikia kesho yake, kwa watu.

Ijumaa, baada ya swala, nikaomba ruhusa kwa imamu nikasimama. Nikasema Mzee Hamad yamemfika kwa ajili ya mwanangu, na huko nyuma ilikuwa kwa wana wenu. Faini nitaanza mimi. Naomba tu tushikane, tuitoe keri, tuitafutie hiyo leseni, tuendelee kama zamani.

Watu wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho.

Bakari ndiye aliyejibu. Bakari ni rafiki yangu tangu chuoni, tumesoma juzuu pamoja. Mama yake alibebwa na keri mara nyingi, yule bibi alikuwa na moyo mbovu. Akasema, "Faki, mie dukani nishachangia. Kijana wangu mshahara wake unakatwa. Kila nikigeuka kuna ushuru. Sasa na hapa msikitini nitoe tena? Nitoe mara ngapi, yakhe? Mfuko wenyewe huu huu mmoja."

Mwingine nyuma akasema, "Si kuna gari la serikali?"

Wakatoka.

Nimekasirika tangu Ijumaa hiyo, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba Bakari hakusema uongo. Ndivyo nilivyokuwa nikisema mimi mwenyewe miaka yote: ukimkata mtu huku na huku, utafika pahala atafumba mkono. Nilidhani siku nitakapothibitishwa kuwa sahihi nitafurahi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu msikitini, sahihi kabisa, na hakuna hata mmoja aliyebaki nami.

Mnijibu wenye elimu ya mambo haya. Kupasua ni kazi ya serikali, nakubali. Dawa nzito, mashine, madaktari, barabara ya kumfikisha mgonjwa, nyinyi wa serikali chukueni kodi yangu mkafanye, nami nitalipa bila kinyongo. Lakini kwa nini mchukue na kile ambacho tulikuwa tunakiweza? Kumnyanyua mgonjwa kutoka kitandani mwake mpaka mlangoni mwenu tulikuwa tunakuweza. Mkatuambia hatuna viwango. Mkaleta gari moja kwa watu wote hawa, likaenda kwa mmoja, wengine tukabaki tumeshika simu. Karafuu yenyewe tunaiuza kwa mlango mmoja tu, wa shirika la serikali. Sasa hata wema nao uwe na mlango mmoja?

Nimeyasema haya kwa Rukia leo asubuhi, kabla wageni hawajafika. Alikuwa ameegemea mito, anamnyonyesha. Mwanangu ni mwalimu, hasemi ovyo.

"Baba," akasema, "kisu kilichonipasua ni cha kodi yako."

Akamhamishia mtoto upande wa pili.

"Na yule daktari, masomo yake ni ya kodi. Keri isingenipasua. Zamani, mzazi kama mie angefikishwa na keri kisha akaambiwa akatafute pesa. Wewe unakumbuka waliobebwa. Hukumbuki waliofikishwa na kurudishwa?"

Nawakumbuka. Sikumwambia, lakini nawakumbuka.

Nikamwambia, bila keri kisu kingekupata maiti. Akasema, bila kisu keri ingenirudisha maiti. Bi Saada akatufokea sote wawili, akasema mtoto ana siku saba duniani na ashachoka kusikia maiti. Tukacheka. Lakini mimi sikucheka mpaka moyoni.

Mzee Hamad hakuja kwenye akika. Nilimngojea mpaka dua ilipokwisha, nikafunga fungu lake la nyama, kubwa kuliko yote, nikampelekea mwenyewe. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Aliinuka kunipokea, akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

Nikamwambia kuhusu Ijumaa, ingawa najua ashaambiwa. Nikamwambia nimewaonea haya watu wetu.

"Wasamehe," akasema. "Wamechoka."

"Na wewe hukuchoka?"

Aliendelea kumenya. Ana mikono mikubwa, kisu kilikuwa kinapotea ndani yake.

"N'takwambia kitu, usikasirike," akasema. "Jana nilikwenda Mtambile kujiandikisha kwenye ule mpango. Mie na mke wangu."

"Wewe, Mzee Hamad?"

"Mie. Nikianguka hapa, Faki, nani atanibeba?"

Nilitaka kusema mimi. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini mimi sijui kuendesha gari, sijawahi kujifunza, sikuona haja wakati yeye yupo. Kijiji kizima hakuna aliyejifunza. Nikabaki nimekaa kwenye kiti chake naangalia maganda ya muhogo, na yeye, kwa wema wake, akaanza kuuliza habari za mtoto. Amepewa jina gani? Nikasema Nasra. Akasema jina zuri. Akasema alizaliwa na haraka, hata njiani alikuwa anataka kutoka.

"Keri je?" nikamuuliza nilipoaga.

"Iache hukohuko," akasema. "Ioze kwa raha zake."

Nimerudi nyumbani kwa njia ya shambani ili nisikutane na mtu. Nimezikuta karafuu zimeanuliwa, Bi Saada kazifunika turubai peke yake. Rukia ameniomba kesho nimsindikize akamwandikishe Nasra kwenye bima. Nimekubali. Nimekubali kwa shingo upande, lakini nimekubali, maana siwezi kumchezea mtoto kamari ili mimi nishinde hoja.

Nasra atakua akiijua ile namba ya kupiga. Hilo ni jema, sitalikana. Ila najiuliza, siku atakaposikia kilio nyumba ya pili, atavaa kanga atoke, au atasema wameshapiga simu, akaendelea na shughuli zake? Na akisema hivyo, nani atakuwa na uso wa kumlaumu?

Kesho, kabla ya kwenda kumwandikisha, nitapita yadi walikoiweka keri. Nitalipa faini mwenyewe. Wakiniuliza gari la nani, nitasema la kijiji.

Sijui kama hilo bado ni kweli.