Kitanda cha Watu

Mjomba,

Kabla ya salamu nikuambie kabisa lile litakalokuudhi: kitanda cha Bi Fatuma nimekifungua. Matendegu yote manne nimeyafunga pamoja kwa kamba, mifumbati, zile mbao za ubavuni, nimeizungushia magunia, na ule ubao wa kichwani, uliokaa nao siku nyingi ukichonga maua huku umetoa ulimi nje kama mtoto wa shule, nimeufunika kwa kanga yangu ya zamani. Usinune. Nisikilize mpaka mwisho, maana ulipokuwa hai hukunisikiliza mpaka mwisho hata siku moja.

Tumerudi Olumbi. Si wote, wala si kama tulivyokuwa, lakini tumerudi. Nyumba zinaezekwa, mihogo imepandwa, malori yanapita kwenda Palma na askari juu yake. Mwanao Shomari alirudi kabla yangu, akitokea kambini huko kusini. Mimi unajua nilikokuwa. Siku ile wenye silaha walipoingia kijijini nilikuwa Mtwara kufuata vanishi na bawaba, na baada ya hapo mto wa mpakani haukupitika tena, nikakaa kwa shangazi nikisikia habari za kwetu kwenye simu za watu. Habari yako niliipata kwa maneno machache: fundi ameuawa, amekutwa karakanani, amezikwa. Sikuuliza zaidi. Niliogopa kuuliza zaidi.

Niliporudi nilianzia kaburini kwako, kisha karakanani. Mabati yamekwenda, randa zimekwenda, msumeno mkubwa umekwenda, hata bawaba za mlango wetu wenyewe wameng'oa. Kitanda cha Bi Fatuma ndicho pekee kilichobaki, kwa uzito wake. Mfumbati mmoja ulikuwa umechomolewa, umelazwa chini, na vigingi vyake vimepangwa pembeni. Nikasema moyoni, wezi hawa, walianza kukifungua kikawashinda. Nikaurudisha mfumbati mahali pake, nikavigongea vigingi kwa jiwe, nikakifuta vumbi kwa pindo la kanga, nikalia.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote ulivyopata kutengeneza. Bi Fatuma alikiagiza kwa harusi ya binti yake Mwanahamisi, na Mwanahamisi hakuonekana tena tangu siku ile. Wapo wanaosema walimwona akiswagwa msituni pamoja na wasichana wengine. Kitanda kikabaki hakina mtu. Nilipompelekea mama yake salamu, alinijibu kwa neno moja tu, kiacheni hapo hapo.

Basi nikakiweka mbele kiwe mfano wa kazi yetu, si cha kuuza. Wewe ulikuwa fundi, mimi muuzaji. Ndivyo tulivyogawana tangu karakana ilipopata alvara, leseni ya serikali, na wewe ukaanza kuniita Mama Mauzo mbele ya wateja ili nione haya. Muuzaji huonyesha kilicho bora. Tulikisogeza mimi na Shomari mpaka ukingoni mwa baraza, kikitazama barabara, nikakipaka vanishi upya. Nilijiona mjanja kweli.

Wateja wetu wa zamani wamekwisha, Mjomba. Wenye nyumba za wageni Palma wengi hawakurudi, na wanaofanya kazi kwenye gesi Afungi siku hizi hulala humo humo ndani ya uzio, kwenye vitanda vya chuma vinavyokuja na meli. Hawana haja na mninga wetu. Kwa hiyo nikafikiri upya. Nikasema, mteja wetu sasa ni jirani. Kijiji kizima kimerudi, kinalala kwenye mikeka, na mimi nina fundi wa vitanda ndani. Unataka soko gani tena? Nilimwambia Shomari aanze kutafuta mtu wa kumsaidia, maana kazi ingetuzidi.

Hakuja mtu. Wakifika usawa wa baraza yetu, watu walikuwa wanaangalia chini, au wanakumbuka ghafla jambo la kumwambia mwenzao. Wachache waliosimama waligusa ule ubao kwa ncha za vidole, wakasema, "Mashaallah, Mungu amrehemu fundi," wakaondoka kwa haraka. Nikapunguza bei. Nikapunguza tena. Nikatangaza kwamba napokea hata mihogo na samaki wakavu. Wapi!

Shomari akaniambia, "Dada Zuhura, Ramadhani ikiandama hatujapata kazi, mimi naenda Afungi kuomba ulinzi." Mlinzi wa geti! Mkono ule unaochora duara bila kamba, sawasawa na wako, ukafungue na kufunga geti la watu. Nilimtukana, halafu nikaingia ndani nikalia, kwa kuwa alikuwa na haki. Akiondoka yeye, mimi siwezi kuranda hata mwiko. Karakana ingefungwa, na jina lako lingebaki kwenye alvara tu, karatasi inayoliwa na mchwa.

Ndipo nikaenda Palma kwenye formação, mafunzo ya wenye biashara ndogo. Ungecheka. Mwalimu alikuwa kijana kutoka Maputo, viatu vyake havijui vumbi, anasema Kireno na mwenzake anatafsiri. Kampuni ndogo, akasema, isikisie mteja anataka nini, iende ikamuulize. Nilikasirika. Mimi niliyewajua watu wa Olumbi tangu wakiwa na kamasi, leo nifundishwe kuwajua? Lakini njiani nilitulia. Nikaona, nikiuliza nitapoteza nini?

Nikazunguka nyumba kwa nyumba na maswali yangu. Bei ni kubwa? Mnataka kipana au chembamba? Mninga au mkongo? Kila mlango nilipata jibu moja, la adabu: "Kitanda kizuri, mwanangu, Mungu akijaalia." Sasa mtu anayelala chini, mgongo unamuuma, ukamtajia kitanda akakujibu Mungu akijaalia, huyo kuna neno analificha. Hilo nililijua bila kufundishwa na mtu.

Kwa Bi Fatuma nilikwenda mwisho, maana kwake nilikuwa na haya. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilipomuuliza kwa nini watu hawanunui kwetu, aliweka ungo chini, akanitazama.

"Kumbe hujui?" akasema. "Shomari hajakwambia?"

Akaniambia yeye. Kwamba mlikimbia pamoja, mkawa mshafika kwenye mihogo yake. Kwamba wewe ulisimama ukasema, "Kitanda cha watu kile. Nakifungua, nakificha, narudi sasa hivi." Kwamba yeye alikuambia, "Fundi, kiache, mwenyewe ndiye mimi na nimekusamehe." Nawe ukamjibu, "Cha harusi hicho, Bi Fatuma," ukageuka. Shomari alikushika shati, likachanika, kikabaki kipande mkononi mwake. Kijiji kizima kilikuona unarudi nyuma.

"Na wewe," akaniambia, "umekitoa nje ukakipaka mafuta king'ae. Sisi tukikiona tunamwona yeye anageuka. Mimi barabara ile sipiti tena, nazungukia kwa nyuma. Nani aje kwako kutafuta kitanda, mwanangu? Kitanda ndicho kilichomrudisha mtu."

Nilikaa chini pale pale kwenye mapumba ya mchele. Nilikuwa naufikiria ule mfumbati. Hawakuwa wezi. Wezi hawapangi vigingi pembeni. Ilikuwa mikono yako, ndiyo kwanza umeanza, na mimi nikaja nikakirudishia kila ulichokichomoa, nikidhani natengeneza.

Nina hasira na wewe, Mjomba. Acha niseme, maana sina wa kumwambia. Nina hasira usiku na mchana. Kitanda tungetengeneza kingine, hata kama ingetuchukua mwaka. Wewe tutakutoa wapi?

Nilirudi nikamkuta Shomari anachonga mpini wa jembe. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia. Hakuinua kichwa. "Nilidhani unajua," akasema. Kisha akasema, "Kila uliponituma kukifuta vumbi, nilikuwa naenda nyuma kutapika." Nilimshika bega, naye akaendelea kuchonga mpini ambao ulikuwa umeshakwisha kuchongwa.

Alitaka tukipasue. Sikumlaumu. Mninga sasa hauonekani, njia za bara hazina usalama, na mbao zile zingetupa kazi ya miezi. Alikuwa ameshashika msumeno mdogo. Nikamwambia ngoja, kitanda si chetu, tukamuulize mwenyewe. Nilipolisema hilo nilisikia sauti yako mdomoni mwangu, nikaogopa.

Bi Fatuma hakutaka kipasuliwe. Hakutaka kiuzwe. Nyumbani kwake nako hakutaka kifike, kwa sababu angekitandika, na akishakitandika angekiona kitupu kila asubuhi. Mwanahamisi hajafanyiwa matanga mpaka leo. "Akirudi atalala wapi?" akaniuliza, kama mtu anayeuliza kitu cha kawaida. Akanipa sharti moja. Hilo nitakuambia mwishoni, maana ndilo lililonikalisha niandike.

Tulikifungua jioni hiyo hiyo, mimi na mwanao. Tulianzia ulipoishia, mfumbati ule ule. Vigingi vyako vilitoka bila kelele, maana hukupata kuweka msumari mahali pa kigingi. Shomari alipomaliza alikaa sakafuni katikati ya vile vipande akakulilia kwa mara ya kwanza mbele yangu.

Tangu kitanda kiondoke barazani, watu wanasimama. Nami nimeacha kuwauliza wanataka nini. Nawauliza siku ile walibeba nini, na kilichowashinda kubeba ni kipi. Usiniulize nilivyothubutu. Nilidhani watanifukuza, kumbe walikuwa wanangoja kuulizwa. Mmoja alibeba sufuria akaacha kifuniko, na mpaka leo anakilalamikia kifuniko. Mmoja alibeba kichwa cha cherehani mgongoni na mtoto kifuani. Mmoja alikimbia na funguo za nyumba mkononi, na nyumba haipo. Nilikuwa nasikiliza, nikirudi namweleza Shomari, naye anachora kwa mkaa ukutani.

Sanduku la kwanza lilikuwa la mbao nyembamba, na vishikio vya kamba. Alikuja mama mmoja wa upande wa pwani. Hakuuliza vanishi, hakuuliza mti gani. Alilijaza matofali aliyoyakuta uani kwetu, akajitwisha, akazunguka uani kwa mwendo wa kawaida, kisha akakusanya doti yake akazunguka mbio. Mbio za kweli, Mjomba, mama mtu mzima, na kuku wanamkimbia. Shomari alitaka kucheka, akaona uso wa yule mama, akaacha. Akalitua, akavuta pumzi, akasema, "Naam. Hili naweza kwenda nalo." Akalichukua.

Baada yake wamekuja wengine. Tunatengeneza masanduku, viti vya kukunja, na kitanda chepesi cha kamba ambacho mtu hukifungua kwa mikono mitupu, bila nyundo. Shomari hakwenda Afungi. Ramadhani imekuja imepita yuko kwenye randa yake ya kuazima. Kazi zenyewe ungezikataa, najua. Mbao nyepesi, hakuna maua. Lakini kila sanduku analichora ua moja dogo, ndani ya kifuniko, mahali pasipoonekana mpaka ufungue. Sikumwambia aweke. Siku niliyoliona nilitoka nje.

Kwa hiyo biashara ipo, na mteja nimemjua. Kumjua huko kumeninyima usingizi. Wanaezeka nyumba, wanapanda, wanaoza watoto wao, wanacheka barazani kwetu, kisha wakinunua sanduku wanalipima kwa mbio. Nami nimejifunza kuwauzia hivyo. Siku nyingine nahisi nauza hofu yao wenyewe, nimeitia vishikio. Ungekuwepo ningekuuliza kama ni halali. Ungenijibu kwa kupuliza vumbi la mbao, kama kawaida yako, na ningekuwa nimejibiwa.

Sasa lile sharti. Bi Fatuma alileta Msahafu wake, ule aliokimbia nao, akasema, "Niwekee kitanda cha mwanangu. Lakini niapie, siku tukikimbia tena hutarudi kwa ajili yake. Wewe wala Shomari. Usipoapa, kipasueni leo." Nikaapa.

Basi nakupa habari kamili, Mjomba. Kitanda cha watu kipo, juu kwenye boriti za stoo, kikavu. Kila mwisho wa mvua nitakitazama kisiingie mchwa. Mwanahamisi akirudi, Shomari atakiunganisha siku hiyo hiyo, nami nitakitandika kwa mkono wangu. Hilo nakuahidi wewe. Lakini wakija tena sitageuka. Nitamshika Shomari mkono, nitapita kwenye mihogo ya Bi Fatuma, na kitanda nitakiacha juu ya boriti kiungue kama kinaungua. Najua wewe hungekiacha. Ndiyo maana leo nakuandikia barua, badala ya kukuita uje, chakula kimeiva.

Lala salama, fundi. Vigingi vyako ninavyo mfukoni.

Mama Mauzo wako,
Zuhura