Tangi la Mzamil

Jumanne, 8 Aprili 2025
Siku arubaini za eda zimebaki. Natoka chumbani, nafika sebuleni, narudi. Mamake Mzamil amekaa tena mbele ya tangi la mwanawe, awatazama samaki. Matumbawe yamepauka, kioo kina utelezi wa kijani. Mzamil, marehemu mume wangu, alinunua tangi jingine la kukaa chini ya hili, la kusafishia maji. Bado limo kwenye boksi. Mama akaniuliza kama naweza kulifunga lifanye kazi. Nikasema sijui.

Alhamisi, 10 Aprili
Miezi mitatu leo tangu Mzamil afariki. Niandike hapa, kwa kuwa hapana pengine pa kusema. Nilikuwa nimemwomba talaka. Akasema tungoje Ijumaa, aongee na kakangu Shukri. Ijumaa alfajiri moyo wake ukasimama. Basi namkalia eda mtu niliyekuwa nikimkimbia. Wanawake waja kunipa pole, wasema nilipendwa. Nawaitikia.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimechoka kutazama kuta. Nikamwita Wanza wa mtaa wa Buxton, aliyekuwa akifuga samaki pamoja na Mzamil. Tumefungua boksi. Maji yashuka kwa bomba hadi tangi la chini, yaacha taka chumba cha kwanza, yaingia cha pili chenye mwani na taa yake, kisha pampu yayarudisha juu. Mwani hula uchafu. Wadudu wadogo huzaana humo, samaki wasiwafikie. Silikoni ya kuziba viungo nimepaka mwenyewe. Wanza asema nina mkono. Saa tatu zimepita sijautazama mlango!

Jumatano, 30 Aprili
Stima ilikatika mchana. Pampu ikasimama, maji hayakusimama — bomba la kurudishia likaanza kunyonya kinyume, tangi la chini likafurika. Sakafu nzima! Mimi magotini na mataulo, Mama na ndoo, tukacheka. Sijawahi kucheka naye. Baadaye nikatoboa tundu dogo kwenye bomba, chini kidogo ya uso wa maji ya tangi la juu. Maji yakishuka, tundu lavuta hewa, mnyonyo wakatika. Nikajaribu. Yakasimama yenyewe.
Mama akasema laiti Mzamil angaliona.
Nikaenda chooni, nikakaa.

Jumatatu, 12 Mei
Matumbawe yamefunguka, ya zambarau na ya kijani. Mama aliita majirani waje waone. Akawaambia, "Huyu haendi popote. Akienda, nani atawaweka hai hawa?" Wakacheka. Nami nikacheka.
Nilitaka tu siku zipite. Kumbe nilikuwa najijengea kifungo. Nimemwita Mama mara tatu nimfundishe kulitunza, mara tatu kichwa chamuuma. Wanza yuko tayari kuja kila Jumamosi. Mama hataki mgeni nyumbani kwake. Na nitamwambia nini? Kwamba nilikuwa naondoka hata mwanawe akiwa hai?
Shukri amepiga simu. Yuaja kunichukua Jumatatu ijayo, twende Malindi kwa mama yetu.

Jumatatu, 19 Mei
Eda imekwisha jana. Leo nimevaa rangi ndani ya baibui. Shukri yuko chini, gari lake limeziba njia na tuktuk zampigia honi. Sanduku liko mlangoni.
Nikaenda sebuleni kumuaga Mama. Yumo kitini mwake, hakuinua uso. Kimya — nikakihisi kabla sijajua ni cha nini. Pampu.
"Limezimika, mwanangu," akasema. "Litazame kwanza. Shukri atangoja."
Stima ipo, pangaboi lazunguka. Nikainama. Waya wa pampu umechomolewa ukutani, umekunjwa vizuri, umefichwa nyuma ya mguu wa kiti chake.
Nikamtazama. Anajua nimeuona.
Nimerudi chumbani, nimefunga mlango, naandika kwa kusimama. Samaki wana saa chache bila pampu, Wanza alisema. Nikiuchomeka waya, nikishaondoka atauchomoa tena. Shukri ameniita mara ya pili. Nimemjibu naja.
Baibui sijavua. Lakini mikono yake nimeshaikunja hadi viwikoni, kama ya kuingia majini —